Mukia wa Mutumbwi: Kwa Mama Annonciata, Mushonaji wa Kivuko Chetu

Kama kuna muntu mwenye muto huu wa Kalembe unajua jina lake, ni mimi, Luc Nsengimana, mwitaji wa abiria ku kivuko. Bila sauti yangu hakuna mutumbwi unaondoka, hakuna soko inajaa, na nafikiri Walikale yenyewe ingekuwa ingali inatungojea. Komite ilipotafuta muntu wa kuandika maneno ya leo, walimu walikuwapo, katekista alikuwapo, na wote wakaona kalamu inakaa kwangu. Nilisoma mpaka mwaka wa tatu wa sekondari, nusu yake. Inatosha.

Lakini leo si siku yangu, na munisamehe nikijisahau. Leo, siku ya posho, ndiyo jumamosi, tarehe 28 Juni, Mama Annonciata Mukandayisenga anaenda retrete, anapumzika kazi kisha miaka makumi mbili na mbili ya kushona na kuchunga mikia ya mitumbwi yetu. Alianza akiwa na meno yote na hasira nusu. Leo meno yamepunguka, hasira imetimia.

Kwa wageni wenye wametoka Goma na hawajui: mukia ni mufuko mukubwa wa turubai. Mudomo wake ni duara ya gurudumu ya kinga, ile baiskeli, na mwili wake unapunguka kwenda nyuma kama karatasi yenye mama wa karanga anakunja. Unafungwa kwa kamba ndefu nyuma ya mutumbwi. Muto wetu unashuka toka mulimani na haraka yake, na mbele kidogo ya soko ya ng'ambo, upande wa Walikale, kuna kona yenye jiwe mbaya. Tunaliita Jino. Mutumbwi wenye mizigo ukifika pale unakimbia kuliko maji yenyewe. Matako yake yanataka kupita kichwa, na ukigeuka mbavu, basi, umeuzisha ndizi zako kwa samaki. Njo pale tunatupa mukia. Mufuko unajaa maji, kamba inakaza, nyuma inashikwa, kichwa kinabakia mbele. Mwendo unapungua. Mama mwenye kubeba mayai anaanza tena kupumua.

Mama Annonciata alizaliwa Kirolirwe, mu nchi ya ngombe na fromaji, ile jibini, kule mutoto musichana anajifunza kuosha chombo cha maziwa mbele ya kujifunza kuosha uso wake. Kule chombo chenye kuvuja ni aibu ya nyumba nzima, hata shangazi anaulizwa. Alikuja Kalembe kwa ndoa, mashini ya kushona juu ya kichwa. Watu wanasemaka ilikuwa ile ndogo ya mukono. Mimi nilikuwa pale: ilikuwa ile ya miguu, pamoja na meza yake, na juu ya meza kuku alikuwa amelala.

Wakati ule wapiga kasia walikuwa wanakokota gogo lenye matawi nyuma ya mutumbwi, ili kupunguza mbio. Gogo lilisaidia siku lilipotaka. Siku lilipokataa, lilipita mutumbwi njiani na kufika soko la kwanza.

Asubuhi moja Mama Annonciata alikuwa anafua nguo ya matela, ya godoro, ile yenye kufunika matela yote kama mufuko. Alishika mudomo wake wazi mbele ya maji ili apate kuisuuza ndani. Ikajaa. Ikamuvuta toka juu ya jiwe, ikamuingiza mu muto mpaka shingoni, na yeye hakuachilia, kwa sababu nguo ile ilikuwa mupya. Mimi nilimuokoa kwa sauti: nilipiga kelele mpaka watu wa Kalembe ya juu wakashuka na majembe. Alipotoka, kikwembe cha kiunoni kinachuruzika maji, hakulia. Aliangalia ile nguo, aliangalia mitumbwi, akasema:

"Kama hii imeniweza miye na unene wangu, mutumbwi ni nani?"

Juma lile alishona mukia wa kwanza. Wapiga kasia walicheka. Nestor Sebarenzi, mukubwa wao, alimuuliza kama mutumbwi utavaa pia suruali. Walipotoka ku Jino bila kulowa, Nestor alirudi kumuuliza kama anaweza kushona mwingine wa akiba.

Tangu siku ile kazi yake ilikuwa na sheria. Hakuna mwanaume kugusa sindano yake. Hakuna kukalia mukia, hata kama umechoka, hata kama wewe ni chefu wa kijiji, na chefu wa kijiji anajua namna alijifunza hiyo. Kila asubuhi alitundika mufuko ku muti, aliujaza maji mpaka mudomo, akazunguka chini yake na kiganja wazi. Tone moja likianguka, hakuna safari. Alikuwa anasema: "Kazi yangu haivuji." Alikuwa anaisema kama wengine wanavyosema Amina.

Na mikia hiyo ilipitisha vitu gani? Andikeni. Ilipitisha mabati ya shule, harmoni, kinanda ya kanisa, bibi-arusi na kabati yake, mbuzi wengi wenye kiburi, na mama wajawazito wenye walikuwa wanaenda kuzalia ku maternite ya ng'ambo. Ilipitisha ngombe dume moja, na wenye wanasema alikuwa ndama hawakumuona vizuri. Vita ilifunga kivuko mara nyingi kuliko ninavyopenda kuandika mu karatasi ya furaha. Kila mara kilipofunguka, kitu cha kwanza chenye tulikuwa tunasikia ni ile mashini: takataka-takataka-takataka. Tukajua tutakula soko.

Hata hivyo mukia ulikuwa na tabia moja mubaya. Ukijaa, ulikuwa unayumba: kushoto, kuume, kushoto, kama ngombe anapiga nzi. Mutumbwi ulikuwa unapita salama, lakini unatikisika nyuma, na abiria walikuwa wanafika ng'ambo na sura ya majani. Mama Annonciata alikuwa anasema ni kosa la wapiga kasia. Wapiga kasia walikuwa wanasema ni kosa la muto. Muto haukujibu.

Sasa tunafika penye kazi yake ilikaribia kufa, na mimi nilikuwa karibu kuliko wote.

Ndugu zetu wa ng'ambo ni watu wa pori, walimaji na wawindaji. Siku ya yenga wako kanisani pamoja na sisi, wanaimba kutushinda. Lakini wakipita Jino, kila mumoja anatupia muto kitu kidogo: kipande cha ndizi ya kuchoma, ugali, nyama kama uwindaji ulikwenda vizuri. Wanaita hiyo sehemu ya muto. Walianza mbele ya babu zao, na hakuna muntu wa Kalembe mwenye aliwahi kuwauliza juu ya nini. Ukiwa mugeni mu nyumba, huulizi sufuria.

Siku moja mutumbwi ulifika ng'ambo, Mama Annonciata akavuta mukia wake ku nchi kavu ili aukague, akaumwaga. Mukatoka ndizi za kuchoma. Mukatoka ugali. Mukatoka muguu wa swala, ungali mzuri kabisa. Na nani alikuwa amesimama pale na mukuki wake na kofia yake ya sufu? Papa Élie, muzee wa upande ule, mwenye kuamua nani anapanda na nani hapandi ku bichi yao, kule mitumbwi inafikia.

"Mama Annonciata," akasema. "Hii ni nini?"

"Ni takataka za watu, Papa."

"Takataka? Huyu swala nilimupiga miye mwenyewe. Nilimupa muto. Sasa namukuta mu mufuko yako!"

"Papa, mimi sikutupa, sikuokota. Nyinyi munatupa mbele, mimi niko nyuma."

"Mwizi iko nyuma kila siku!"

Soko yote iligeuka kuangalia. Mama Hélène, prezida wa wauzaji wa ndizi, aliweka kikapu chini. Papa Élie hakupiga kelele tena, na hiyo ilikuwa mubaya zaidi. Alisema polepole: ule mufuko unakula chakula ya muto na unafunga mudomo. Muto iko na njaa tangu miaka, na sisi wote tunaishi juu ya njaa yake. Mufuko upate njia ya kutokea, chakula ipite, ao mutumbwi yenu isiguse tena nchi yetu.

"Njia ya kutokea?" Mama Annonciata akauliza. "Unataka nitoboe?"

"Toboa."

"Papa Élie, omba kitu kingine. Omba mbuzi."

Akakunja mukia wake, akapanda, akarudi Kalembe na mgongo umenyooka kama mulango.

Mutumbwi ulifungwa ku muti. Munajua Kalembe bila soko ya ng'ambo ni nini: ndizi ziligeuka nyeusi mu vikapu, maharagi yalianza kuota mu magunia kama yamesikia ni shamba, na mama mumoja mwenye tumbo la miezi ya mwisho alikuwa anakuja kila asubuhi ku kivuko, anaangalia maji, anarudi nyumbani. Huyo njo alitunyima usingizi. Mama Hélène alienda kubisha kwa Annonciata na wauzaji wote nyuma yake.

"Dada, ni tundu moja tu."

"Ku Kirolirwe, ndoo yenye tundu inafanya kazi gani?"

"Hapa si Kirolirwe, na hii si ndoo!"

"Mufuko yenye tundu si mufuko, ni kitambaa. Mukitaka kitambaa mutafute mushonaji wa pazia. Mimi kazi yangu haivuji."

Mimi nilileta akili yangu, kama kawaida. Nilivuka kule juu kwa njia ya mulima, ile ya mawe yenye haipitishi mizigo wala mama wa tumbo, nikamuambia Papa Élie: watu wenu watupe sehemu ya muto toka nyuma, kisha mukia umepita. Akaniuliza:

"Luc, weye unapakulia mugeni chakula wakati ameisha kwenda?"

Nilikaa vizuri, na alinipa kasiksi, pombe ya ndizi.

Halafu Nestor akasema basi, tutaenda bila mukia, tutashusha watu mbele ya bichi, juu ya mawe, kama zamani. Alijaribu na vikapu vya ndizi tu, bila abiria, na alifanya vizuri kufikiri hivyo. Ku Jino matako ya mutumbwi yalipita kichwa. Walirudi kwa miguu, wamelowa, Nestor amevunjika kidole, na ndizi zote zimeenda kuona Pinga, kule chini ya muto. Mutumbwi tuliuvuta toka kati ya mawe siku nzima.

Mama Annonciata alikuwa amesimama pale walipofika. Aliangalia kile kidole. Aliangalia yule mama wa tumbo, mwenye alikuja kama kila siku. Alienda nyumbani, akarudi na mukia, mukasi na sindano, akaketi chini ku kivuko mbele ya watu wote, akaweka ncha ya mufuko juu ya magoti yake. Alifungua mukasi, akaufunga, akaufungua tena. Mimi nimeona wanaume wanachinja ngombe wao wa mwisho kwa haraka kuliko hivyo. Kisha akakata. Tundu ya ukubwa wa ngumi ya mutoto, pale pale mwisho wa mukia.

Lakini hakuacha hivyo. Alikunja mudomo wa ile tundu, akaupiga mushono mara mbili, akaongeza mushipi wa ngozi kuzunguka, mpaka ikawa nzuri kuliko kola ya padri. Watu walimuambia, Mama, wanangoja, inatosha. Akajibu bila kuinua kichwa:

"Kama ni lazima ivuje, itavuja vizuri."

Papa Élie alisikia habari, akavuka kwa njia ya mulima, akasema yeye mwenyewe atapanda ile safari. Aliketi nyuma kabisa na ndizi ya kuchoma mu mukono. Mama Annonciata aliketi pembeni yake, kamba mapajani, na hawakusalimiana. Mimi nilikuwa juu ya njia ya mulima, mahali pazuri kuliko pote kwa muntu wa kuongoza.

Nilionyesha mukono, wakatupa mukia. Niliona mufuko unajaa. Niliona kamba inakaza. Nikangoja uanze kuyumba, kushoto, kuume, kama tulivyozoea. Haukuyumba. Ulinyooka nyuma ya mutumbwi kama reli, na mutumbwi wote ukatulia, ukapita Jino kama mwanafunzi mbele ya direkta. Pale Papa Élie alitupa ndizi yake. Ikaingia mu mudomo ya mukia, ikapotea. Watu wote waliinama kuangalia, karibu wazame kwa kuangalia. Halafu ndizi ikatokea mwisho, mu ile tundu nzuri, polepole, na muto ukaipokea.

Kelele yenye ilipigwa siku ile ilisikilika mpaka Masisi centre, na kuna watu wa Kingi wanaweza kushuhudia.

Walipofika, hakuna muntu alitapika. Hata mumoja. Papa Élie alishuka na kusema:

"Muto imekula. Munaona sasa imetulia?"

"Ni mushono," Mama Annonciata akasema.

"Ni sehemu ya muto."

"Ni mushono, Papa."

Wanaendelea na mabishano hayo mpaka leo, na nawaomba musiwaweke meza moja. Mimi, kwa akili yangu, naona hivi: maji yakiingia mu mufuko wenye umefungwa, yanakosa kwa kupitia, yanaruka juu ya mudomo, mara upande huu, mara upande ule, njo mufuko unayumba. Ukiyapa mulango mudogo nyuma, yanatoka kwa heshima. Nilieleza hiyo kwa wote wawili, na kila mumoja aliniambia namuunga mukono mwenzake.

Yule mama wa tumbo alivuka kesho yake. Mutoto ni musichana, anaitwa Neema, na yuko hapa leo na madada zake, msimupe biskuti nyingine.

Kisha miaka kupita, barabara ilikatika kwa mvua, na ndege ikaja kutupa magunia ya chakula toka juu, kila gunia na parachuti yake. Tulisimama wote mu shamba la mihogo, vichwa juu. Zilishuka zimenyooka, hazitikisiki, na katikati ya kila moja, juu kabisa, kulikuwa tundu ya duara. Mama Annonciata aliiona mbele yetu. Akashika kiuno:

"Kumbe na hawa wako na Papa Élie wao!"

Parachuti moja upepo uliikatalia kulala. Nilikamata kamba zake peke yangu. Ilinikokota kupita mihogo, kupita maharagi, kupita nyumba ya mama-mukwe, naye akanipungia mukono. Niliishinda ku shimo ya matofali. Mama Annonciata alikuja, akafunua kitambaa, hakuangalia kama ningali hai, akaangalia mushono wa ile tundu. Akasema wamekazana, lakini ya kwake ni nzuri zaidi.

Sasa macho yake hayapitishi tena uzi mu sindano, na amekataa miwani, anasema inamuonyesha watu vibaya. Ataenda Kirolirwe kwa mudogo wake Umwali, mu majani na mu baridi. Tulikuwa na woga: nani atashona? Alijibu mwenyewe, bila komite. Alimuita Sidonie, binti mukubwa wa Papa Élie, mama wa nyumba yake, akamukalisha mbele ya mashini na kumufundisha mwaka muzima. Upande wa pori walishangaa, upande wa milima walishangaa zaidi. Mukia wenye utatupwa leo, mutauona, ni wa Sidonie. Mama Annonciata aliujaza maji ku muti, akapitisha kiganja chini ya mushono wote, halafu akakiweka chini ya ile tundu, maji yakamumwagikia mpaka kiwiko. Akasema, "Inavuja vizuri." Sidonie alilia. Papa Élie alifuta macho yake, akasema ni moshi, na hakukuwa moto.

Mama Annonciata, sisi wa kivuko, wa Kalembe na wa ng'ambo, wapiga kasia, wauzaji wa ndizi, na wote wenye walifika wakavu kwa ajili yako, tunakushukuru. Mungu akupe asubuhi za maziwa ya moto, magoti yasikuume, na majirani wenye wanajua kukubisha vizuri. Uishi miaka mingi na yenye baraka, na ukisikia mashini mahali, usiende kuikosoa.

Kisha chakula, kuna safari moja ya mwisho yenye Mama atashika kamba, na komite imeniandika wa kwanza. Basi niseme mbele hamjaniona mu mutumbwi. Mimi mwenye nimewaita nyote miaka hii yote, panda Papa, panda Mama, hakuna shida, sijapita Jino mu mutumbwi hata siku moja. Ninazungukaka kwa njia ya mulima. Ninaogopa maji mpaka yale ya kuoga. Lakini leo nitapanda, Mama. Unibakishie nafasi nyuma, karibu na kamba, na nikishika kikwembe chako, usigeuke.